Bi., Mama, Dkt. au Mheshimiwa: tumwandikeje mwanamke kwenye kadi na barua?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni katibu wa kamati ya harusi ya kaka yangu hapa Morogoro, na kazini ni mhazili. Kadi za mchango tulizosambaza zimezua manung'uniko. Shangazi yetu, ambaye ni daktari na ni mjane, amekataa kadi iliyoandikwa “Mr. & Mrs.” na jina la marehemu mumewe. Jirani wa makamo tuliyemwandikia “Bibi” amesema tumemzeesha. Mchungaji wa usharika wetu, ambaye ni mwanamke, tumemwandikia “Mama Mchungaji”. Amecheka, lakini nimeona hakufurahi. Sasa tunaandaa kadi za mwaliko, na ofisini nako ninaandika barua kwa viongozi wanawake ambao sijui kama wameolewa. Nifuate kanuni gani?

Jibu: Marahaba. Nimefundisha uhazili na itifaki kwa miaka mingi, na malalamiko ya aina hiyo nimeyasikia kutoka kamati nyingi, kwa hiyo msijione mna mkosi. Ukiyatazama kwa makini utaona kwamba yote matatu yana chanzo kimoja. Shangazi mmemwandikia kupitia kwa mumewe, jirani mmemwandikia kupitia umri mliomkadiria, na mchungaji mmemwandikia kupitia kwa mume ambaye pengine hata si mchungaji. Kanuni ninayoifuata mimi ni kwamba neno linalotangulia jina la mwanamke liwe ni cheo alichokipata mwenyewe na anachojitambulisha nacho, asipokuwa nacho, au usipokijua, “Bi.” inatosha, ikifuatwa na jina analolitumia yeye; na hakuna haja ya kujua habari za ndoa yake ili kumwandikia kwa heshima.

Nianze na “Bi.” kwa sababu ndiyo itakayokuokoa mara nyingi. Kifupi hicho hakisemi kama mwanamke ameolewa, hajaolewa, ameachika au amefiwa, kama vile “Bw.” isivyosema lolote kuhusu ndoa ya mwanamume. Kinamfaa mhasibu wa miaka 25 na kinamfaa mama wa miaka 70. Kwa hiyo lile swali lako la ofisini, kwamba hujui kama mkurugenzi fulani ameolewa, halina uzito wowote katika barua ya Kiswahili, usilisumbukie. Wapo wanaoandika “Bi” bila nukta na wapo wanaoiweka. Chagua mtindo mmoja ufuate huo kwenye kadi zote. “Binti” iache kwa msichana ambaye bado yuko chini ya wazazi wake, au kwa maneno ya ndani ya kadi, pale wazazi wanapotangaza ndoa ya “binti yao mpendwa”. Mwanamke wa miaka 35 anayejitegemea akiandikiwa “Binti” juu ya bahasha kwa sababu tu hajaolewa, ataelewa kwamba kamati ilikaa ikajadili mambo yake.

Neno “Bibi” kwa urefu wake linahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa uzito wake unabadilika kwa mahali na kwa wakati. Bibi Titi Mohamed alizaliwa mwaka 1926. TANU ilipoanzishwa mwaka 1954 alikuwa hajatimiza miaka 30, naye akawaongoza wanawake wa chama hicho akiitwa Bibi Titi bila mtu yeyote kudhani kwamba anaitwa ajuza. Barabara ya Dar es Salaam inayobeba jina lake imebaki na neno hilo hilo. Huko nyuma zaidi, Unguja, mabinti wa Sultani ndio walioitwa hivyo, akiwamo Bibi Salme binti Said aliyezaliwa mwaka 1844. Lakini leo huku bara, neno hilo likisimama peke yake mbele ya jina, masikio ya wengi husikia mama aliyemzaa mama, na ndiyo sababu jirani yenu amelalamika kwamba mmemzeesha. Kadi ikivuka mpaka kwenda Kenya mambo hubadilika tena, maana huko watu wengi wakisema “bibi” wanamaanisha mke. Zanzibar na mwambao “Bi” pamoja na jina la kwanza, kama Bi Asha au Bi Mwanaidi, ni heshima ya kila siku isiyomkera mtu. Ushauri wangu kwa Morogoro ni kwamba “Bibi” uiache kwa wale wanaojiita au waliozoeleka kuitwa hivyo, na kwa maneno “Bwana na Bibi” yanapokwenda pamoja, kwa kuwa hapo “Bwana” huondoa utata.

Sasa nije kwa shangazi. Mtindo wa kumfunika mke kwa jina lote la mume tuliupokea pamoja na kadi za Kiingereza, ukakaa mpaka watu wakauona kuwa ni sheria. Si sheria. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimlazimishi mke kubadili jina lake, na wanawake wengi mno nchini wanabaki kwenye vitambulisho na jina lao, la baba na la babu, hata baada ya miaka 40 ya ndoa. Kwa Waislamu, hasa wa mwambao na visiwani, mke kubaki na jina la baba yake ndiyo desturi yenyewe. Wako pia wanawake wanaopenda kuandikwa kwa jina la mume, na hao waandikie hivyo kwa moyo mmoja, kwa kuwa wamelichagua. Kinachokosewa ni kudhani kwamba wote wamechagua.

Kwa wanandoa walio hai wote wawili, andika majina ya wote wawili, kila mmoja na cheo chake. Tuseme mume anaitwa Joseph Massawe na mkewe, ambaye ni daktari, anatumia jina la Rehema Kimaro: kadi itasomeka “Bw. Joseph Massawe na Dkt. Rehema Kimaro”. Kama naye anatumia jina la Massawe, andika “Bw. Joseph na Dkt. Rehema Massawe”. Usiandike “Bw. na Bi. Massawe” kwa mtu ambaye kamati nzima inamwita daktari siku ya kuomba mchango. Nani atangulie? Katika shughuli ya familia ninapendelea atangulie yule aliye ndugu au rafiki wa wenye shughuli, kwa sababu ndiye mwenye kualikwa na mwenzake anaalikwa kwa ajili yake; katika shughuli ya kiofisi atangulie mwenye wadhifa unaohusika. Jaji mwanamke anayealikwa na mumewe ataandikwa “Mhe. Jaji” na jina lake, kisha “na Bw.” na jina la mume. Mume naye ana jina. Kumwandika “na mumewe” tu ni kumfanyia yale yale tunayowafanyia wanawake.

Mume akifariki, “Bw. na Bi.” inaondoka naye. Bahasha haiwezi kumwalika marehemu, na mjane anayeipokea analazimika kuusoma msiba wake upya ili ajue harusi ni lini. Kama shangazi yenu anaendelea kutumia jina la ukoo wa mumewe, jina hilo bado ni lake na hakuna wa kumnyang'anya: “Dkt. Rehema Massawe” itakuwa sahihi kabisa. Neno “mjane” lina mahali pake katika wasifu wa marehemu na katika nyaraka za mirathi, lakini halitangulii jina la mtu kwenye mwaliko. Aliyeachika naye hutegemea jina analolitumia sasa, maana wengine hurudia jina la baba na wengine hubaki na lile walilofahamika nalo kazini. Katibu wa kamati ana njia nyepesi ya kujua pasipo kuuliza maswali ya aibu: mchango ukiingia kwa simu, ujumbe wa muamala huonesha majina ambayo laini imesajiliwa. Hakikisha tu kwamba laini ni ya kwake, kwa kuwa watu hutuma kwa simu za watoto wao au kupitia kwa wakala.

Hapo hapo niongeze jambo ambalo si la jina lakini linakaa kwenye kadi ile ile. Kamati nyingi huweka kiwango kimoja cha mchango kwa mtu mmoja na kingine kwa watu wawili, kisha wajane na wasioolewa hupewa kadi ya mtu mmoja bila kuulizwa. Kama shangazi ametoa mchango wa watu wawili, kadi yake iwe ya watu wawili, aje na dada yake au mwanawe, wala asihojiwe mlangoni ataingia na nani.

Mwanamume mwenye wake wawili huleta utani mwingi kwenye vikao, lakini jibu lake ni fupi: kila mke apate kadi yake yenye jina lake, au mume aandikwe pamoja na wake zake kwa majina yao. “Bi Mkubwa” na “Bi Mdogo” ni maneno ya nyumbani kwao. Yasionekane kwenye bahasha.

Tazameni pia upande wa wanaoalika. Kadi nyingi huanza na “Familia ya Bw. na Bi.” na jina la baba, mpaka mgeni anafika ukumbini bila kujua mama wa bwana harusi anaitwa nani. Mahali pa jina lake ni pale, kwa ukamilifu. Na kama mama ni mjane au amemlea mtoto peke yake, mwaliko utoke kwa jina lake mwenyewe, “Bi.” fulani “kwa niaba ya familia”, nimeona kadi ambazo mjomba anayeishi mkoa mwingine amewekwa juu kama mzazi wakati aliyelipa ada, ukumbi na mavazi yupo chini ya ukurasa, au hayupo kabisa. Sheria haiwazuii kufanya hivyo, lakini mimi siwezi kuipitisha kadi ya namna hiyo.

Kisha kuna ule mstari wa nukta ambao wachapaji huuweka tayari: “Prof./Dkt./Mhe./Mch./Bw./Bi.” ukifuatwa na nafasi ya jina. Mstari huo ulikusudiwa kwamba mwandishi akate visivyohusika, na makatibu wengi hawakati chochote, kwa hiyo mgeni hupokea vyeo sita ambavyo huenda hana hata kimoja. Mwambie mchapaji auache mstari mtupu. Wanaotumia kadi za simu wana tatizo la jamaa hiyo, kwa kuwa mfumo huwataka wachague cheo kwenye orodha fupi kabla ya kuendelea, pale ambapo orodha haina cheo kinachomfaa mtu, chagua “Bi.” na cheo chake kingine ukiandike kwenye sehemu ya jina.

“Mama” ndilo neno linalotuponza zaidi kwa sababu ndilo tunalolipenda zaidi. Katika mazungumzo halina mpinzani, lakini kwenye maandishi lina matumizi matatu ambayo lazima yatenganishwe. La kwanza ni “Mama” pamoja na jina lake mwenyewe, na hilo ni jina la heshima linalojitegemea: taifa zima linamjua Mama Maria Nyerere kwa namna hiyo, na Mama Salma Kikwete vivyo hivyo, ingawa ndani ya Bunge ameandikwa “Mhe.” kama wabunge wengine. Getrude Mongella, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Mkutano wa Nne wa Dunia wa Wanawake uliofanyika Beijing mwaka 1995, hakuna anayemwita vinginevyo mtaani isipokuwa Mama Mongella. Kwa mwanamke mwenye umri na hadhi katika jamii, “Mama” na jina lake hata kwenye kadi ya harusi inakaa vizuri. Hata hivyo kinachofaa mdomoni si lazima kifae kwenye barua ya ofisi. Watu humtaja Rais kwa upendo kuwa Mama Samia, na serikali yenyewe ina kampeni ya msaada wa kisheria yenye jina hilo, lakini hakuna mwandishi wa barua anayejua kazi yake atakayemwandikia rasmi kwa namna nyingine isipokuwa “Mheshimiwa Dkt. Samia Suluhu Hassan, Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania”.

La pili ni “Mama” pamoja na jina la mtoto, na hapa ndipo makatibu wa kamati huteleza, kwa sababu orodha ya wachangiaji hutolewa kwenye simu, na kwenye simu zetu watu wamehifadhiwa kama Mama Juma, Mama Careen wa Saluni, Mama Mwenye Nyumba. Orodha hiyo ikipelekwa kwa mchapaji kama ilivyo, mwanamke mwenye jina lake kamili na kazi yake anaalikwa kwa jina la mtoto wa darasa la pili. Majirani wengi hawaoni ubaya, na kwa jirani ambaye mtaa mzima unamjua kwa jina hilo tu unaweza kuandika jina lake kwanza na la mtoto kwenye mabano, ili anayesambaza kadi asipotee. Lakini kuna mwanamke ambaye mtoto huyo alishafariki, na kuna mwingine anayeitwa kwa jina la mtoto wa dada yake kwa sababu hakujaliwa wa kwake. Maumivu hayo huyajui ukiwa umeshika orodha, kwa hiyo njia salama ni kumtafuta mtu anayejua jina lake halisi.

Mchungaji wenu yuko katika fungu la tatu, la “Mama” pamoja na cheo, na kosa mlilomfanyia lina historia. Katika makanisa yetu “Mama Mchungaji” ni mke wa mchungaji, na ana heshima yake na kazi zake katika usharika. Mwanamke aliyebarikiwa kuwa mchungaji ni “Mchungaji”, basi, “Mch.” kwenye bahasha, jina lake likifuata, bila “Mama” na bila “Bi.”. Mkimwita “Mama Mchungaji” mmempa nafasi ya mke wa mtu na kumvua kazi aliyoisomea chuo cha theolojia. Ndivyo ilivyo pia kwa “Mama Balozi”, “Mama Askofu” na “Mama Mbunge”: anayesikia anaanza kumtafuta mume mwenye cheo. Mke wa waziri, kwa upande wake, hapati “Mheshimiwa” kwa sababu ya ndoa, kama vile mume wa waziri asivyoipata.

Vyeo vya elimu na taaluma havina utata mkubwa isipokuwa kwamba watu huvisahau vinapokuwa vya wanawake. “Dkt.” inamfaa daktari wa hospitali na aliyehitimu shahada ya uzamivu, “Prof.” humeza “Dkt.”, kwa hiyo huandiki zote mbili. Cheo kikiandikwa, “Bi.” haina kazi tena: “Bi. Dkt. Rehema” ni kumvisha kofia mbili. Usiandike pia “Daktari Mwanamke” au “Mhandisi Mwanamama”, kana kwamba uhandisi wake ni wa aina nyingine. Mhandisi, Wakili, Mwalimu na CPA huandikwa kama mwenyewe anavyojitambulisha, hasa katika barua inayohusu kazi hiyo. Kwenye kadi ya harusi mimi huviandika pale tu mtu anapofahamika navyo, maana tukianza kutanguliza kila cheti, mlango wa ukumbi utageuka mahafali. Askari huandikwa kwa cheo chake, na asipokuwa na hakika nacho mwandishi aulize, kwa kuwa hakuna kosa linalokumbukwa kwa muda mrefu kama la kumshusha afisa cheo.

“Mheshimiwa” kwa kawaida huwatangulia wabunge, mawaziri, majaji na mahakimu, wakuu wa mikoa na wilaya, na madiwani, wanaume kwa wanawake. Vyeo vinapopangana, “Mhe.” huanza, kisha wadhifa kama Jaji au Balozi, kisha “Prof.” au “Dkt.”, kisha jina kamili, na kwa mbunge herufi “(Mb.)” baada ya jina. Kwa mfano Ummy Mwalimu alipokuwa Waziri wa Afya aliandikwa “Mhe. Ummy Mwalimu (Mb.)”, na mhazili mgeni aweza kujikwaa hapo akadhani kwamba Mwalimu ni cheo kilichokosea njia, kumbe ni jina. Baadhi ya vyeo hubaki na mtu hata baada ya kuondoka ofisini: Asha-Rose Migiro, ambaye alikuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kuanzia mwaka 2007 hadi 2012 na baadaye akawa Balozi wetu nchini Uingereza, ameendelea kuandikwa Balozi Dkt. Asha-Rose Migiro. Vingine huongezewa neno “Mstaafu”, kama kwa Anne Makinda, mwanamke wa kwanza kuwa Spika wa Bunge letu, ambaye ni Spika Mstaafu. Kuhusu udaktari wa heshima, mahali pengine duniani aliyetunukiwa hatangulizi “Dkt.” kwenye jina lake, lakini hapa kwetu ofisi huutumia: tangu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipomtunuku Rais Samia shahada hiyo Novemba 2022, nyaraka za serikali zimeandika “Dkt.”. Fuata kile ambacho ofisi ya mhusika inakitumia.

Kwa watawa wa Kanisa Katoliki andika “Sista” au “Sr.” na jina lake la utawa, wala usitafute jina la ukoo kama yeye halitumii, mkuu wa shirika ni “Mama Mkuu”. Mwanamke aliyekwenda Makka ni “Hajjat”, na wengi wanalithamini sana, hivyo waulizeni wanafamilia kabla ya kuandika kadi za upande wa Waislamu. Huko huko mtakuta pia kwamba wanawake wazee huheshimu zaidi mwaliko unaoletwa na mtu kwa mdomo, akapiga hodi na kukaa, kuliko bahasha iliyosukumwa chini ya mlango. Kwa hao kadi ni kumbukumbu ya tarehe tu. Mwaliko ni yule aliyekuja.

Kuna neno moja zaidi ambalo vijana wengi hawalitumii na ambalo lingewafaa, nalo ni “Ndugu”. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilienea kama namna ya kumwita kila mtu bila kujali cheo wala jinsia, na hadi leo barua na hotuba za CCM zimejaa “Ndg.” kwa wanawake na wanaume. Ofisini lina faida kubwa pale ambapo jina halikuambii kama ni la mwanamke au la mwanamume. Baraka, Amani na Furaha ni majina ya wote, na badala ya kubahatisha au kuandika “Bw./Bi.” yenye mkwaju katikati, ambayo humfanya mpokeaji ajione kama fomu, andika “Ndg. Baraka” na jina lake la pili. Kwenye kadi ya harusi silipendekezi, hasa kwa mama mkwe mtarajiwa, kwa sababu lina harufu ya kikao cha tawi.

Kwenye barua za ofisi utagundua kwamba kwa sehemu kubwa suala la jinsia halitokei, kwa kuwa barua rasmi huelekezwa kwa wadhifa: “Mkurugenzi Mtendaji”, kisha jina la halmashauri na sanduku la posta. Anayekalia kiti awe mwanamke au mwanamume, barua haibadiliki hata herufi, na akihamishwa kesho barua haitampotea mrithi wake. Jina huongezwa pale barua inapomhusu yeye binafsi, kama mwaliko wa kuwa mgeni rasmi, uteuzi au jambo la siri. Maamkizi, mahali yanapohitajika, hufuata wadhifa pia: “Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,” au “Ndugu Mkurugenzi,”. “Shikamoo” usiiandike katika barua rasmi hata kama anakuzidi kwa miaka 30. Iweke kwenye simu utakayompigia kuthibitisha kwamba barua imefika. Katika baruapepe tazama mwisho wa ujumbe wake wa kwanza, uone anavyojiandika, kisha ufuate hivyo hivyo. Akijiandika “Rehema Kimaro, PhD” mwandikie “Dkt. Rehema Kimaro”, akijiandika “Mama Kimaro” umepata ruhusa, ingawa ningesubiri mara ya pili kabla ya kuitumia.

Eneo ambalo ningependa ulisimamie kwa ukali zaidi ni orodha: mihtasari ya vikao, ratiba ya sherehe, karatasi ya mshereheshaji. Humo ndimo utakuta “Dkt. Massawe, Prof. Mushi na Mama Rehema”, wakati Rehema naye ni daktari na pengine ndiye mwenyekiti. Hakuna aliyekusudia ubaya. Wanaume tumezoea kuwaita kwa jina la ukoo na cheo, na wanawake kwa jina la kwanza na “Mama” au “Dada”, kisha mazoea ya mdomoni yakahamia kwenye karatasi. Katika orodha moja kanuni iwe moja. Kama wanaume wameandikwa kwa vyeo na majina mawili, wanawake waandikwe hivyo. Kama mmeamua kuandikana kwa majina ya kwanza, basi hata profesa mwanamume awe Joseph. Mshereheshaji umpe majina yaliyoandikwa kamili, umsomee kwa sauti, kwa sababu akiachiwa mwenyewe atawaita wageni wote wa kike “akina mama wetu” na kuwamaliza kwa pamoja.

Neno “Shangazi” mnaweza kujiuliza kama liandikwe kwenye kadi yake. Juu ya bahasha lisiwepo, kwa sababu kadi inazungumza kwa sauti ya wazazi wa bwana harusi, na kwa hao yeye si shangazi: kwa baba yenu ni dada, na kwa mama yenu ni wifi. Andika “Dkt.” na jina lake hapo juu. Ukitaka kumwita shangazi, na ninashauri umwite, kaka yako amwandikie mstari mmoja kwa mkono wake ndani ya kadi, kisha mmpelekee wenyewe.

Mwisho ni jina lako wewe mwenyewe unaposaini barua za kamati au za ofisi. Mwanamke anayesaini kwa herufi za mwanzo na jina la ukoo tu humwachia anayejibu kazi ya kubahatisha, na wengi hubahatisha “Bw.”. Andika jina lako la kwanza kwa ukamilifu, na cheo chako cha kazi chini yake, na kama jina lako ni mojawapo ya yale yasiyobainisha jinsia, weka “(Bi.)” kwenye mabano baada ya jina, si kabla yake.